Wakili Ambaye Hakuwahi Kupimwa

Mjomba wangu ni fundi cherehani na watu humwita Inchi. Ni mfupi kweli, lakini jina halikutoka huko. Lilitoka kwenye macho yake. Ukivuka kizingiti cha chumba chake cha kazi, kabla hujaeleza shida yako, amekwisha kujua kiuno chako, kifua chako na urefu wa miguu yako, wa kulia peke yake na wa kushoto peke yake, kwa kuwa anashikilia kwamba hajawahi kuona binadamu mwenye miguu iliyo sawa. Mkaza mjomba wangu husimulia kwamba siku alipokwenda kwao kuposa, wazee wakiwa wamekaa na sura za kazi, neno la kwanza alilomwambia baba mkwe lilikuwa kwamba bega lake la kushoto limeshuka nusu inchi, na asikubali kushonewa koti na mtu asiyelijua hilo. Walimpa mke, nadhani ili aondoke.

Kwa miaka ishirini na miwili alifanya kazi na mwenzake katika chumba kilichobanwa kati ya kinyozi na muuza vioo. Kulikuwa na cherehani mbili, meza ndefu ya kukatia, pasi isiyopoa, na kioo kilichopasuka usawa wa magoti, hivyo kila mteja alijiona ana magoti matatu. Mwenzake huyo anaitwa Kola. Ni mrefu, mkimya, na imani yake yote ameiweka kwenye kola za mashati. Shati aliloshona Kola, mtu akikuita kwa nyuma, huna budi kugeuka mwili mzima.

Walikuwa na utaratibu wao. Mjomba alipima nyuma ya pazia huku akitaja vipimo kwa sauti, na Kola aliandika kwenye daftari. Kwa kuwa pazia lilikuwa fupi na Kola ni mtu wa haya, alikaa ameelekea ukutani mpaka mteja avae na kutoka. Mjomba hakuuliza mtu jina. Alisema majina hubadilika, watu huolewa, hupata vyeo, lakini bega ni bega. Kwa hiyo aliwapa majina yake mwenyewe: Mlima Umeinama, Mama Hana Haraka, Mkurugenzi wa Tumbo. Na kwa kuwa anapopima husema kama mtu anayefukuzwa, Kola alibuni alama zake za kuandikia, ndoano, nukta na vijimkia, ili mkono uende sawa na mdomo. Daftari lilinenepa, likashonwa upya mara nne, likavishwa jalada la kitambaa cha suti. Ndani yake walikuwa watu elfu moja na mia moja na ushei, karibu mji mzima.

Daftari hilo ndilo lililowagombanisha.

Kola alikuwa amekodi chumba kwenye jengo jipya karibu na kituo cha mabasi, lenye vioo mbele kuanzia chini hadi juu. Hakumwambia mjomba. Mjomba aliambiwa na kinyozi, na kinyozi aliambiwa na mchora mabango aliyepewa kazi ya kuchora shingo na kola juu ya mlango. Siku hiyo mjomba alikata suruali ya mteja kwa mkato wa sketi. Kola alipoingia hawakugombana. Mjomba aliuliza kama ni kweli, Kola akasema ni kweli, kisha akasema angependa aondoke na daftari, kwa kuwa ameliandika yeye kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho. Mjomba akasema kila neno lililomo limetoka kinywani mwake, na mtu hawezi kuchukua kinywa cha mwenzake akahama nacho.

Msomaji asidhani hiki ni kitu kidogo. Wateja wao wengi hawaji. Wanatuma kitambaa na ujumbe: nishonee kama ile ya mwaka juzi. Mjomba anajua kupima kuliko mtu yeyote ninayemfahamu, lakini namba zikishamtoka mdomoni haziachi hata nyayo. Bila daftari, akiwa na miaka hamsini na minane, ingembidi auite mji mzima uje kupimwa upya, na mji usingekuja, ungekwenda kwenye maduka ya nguo za kutundikwa. Mkaza mjomba aliniambia kwamba mumewe ameanza kuamka alfajiri na kuwataja watu kwa majina yale, mmoja mmoja, kama mtu anayehesabu watoto wake baada ya mafuriko.

Wote wawili walisema watakwenda mahakamani. Hapo ndipo nilipoingia mimi.

Nilikuwa nimemaliza chuo mwaka huo, na niliamini, na bado naamini, kwamba tunawafanyia watu wetu ukatili tunapowafundisha kuwa haki inakaa katika jengo moja tu. Nimemwona jirani yetu akienda mahakamani kwa ajili ya ng'ombe aliyekula mahindi. Kesi imeahirishwa mara kumi na tisa. Ng'ombe amekufa kwa uzee, shamba limekuwa kituo cha mafuta, na jirani bado anapiga pasi shati kila tarehe ya kesi. Watu wawili waliofanya kazi pamoja miaka ishirini na miwili hawakustahili hilo. Nikawaeleza kuhusu usuluhishi: mnamchagua wakili wenyewe, mnatia saini kwamba atakachoamua kitawafunga wote wawili, mnakaa mezani, mnamaliza. Nilieleza kwa moto mpaka kinyozi akazima mashine yake ili asikie. Kwa kuwa yeye hakuwa na upande, daftari likawekwa kwake, kwenye droo ya nyembe.

Nilikuwa nimejaribu njia fupi kwanza. Nilipeleka daftari kwa mwenye mashine ya fotokopi. Kola huandika kwa penseli ngumu, kwa mkono mwepesi. Mashine ikanitolea kurasa arobaini nyeupe, safi kabisa, na mwenye mashine akanishauri nizitumie kwa kazi nyingine.

Basi tukatafuta wakili. Kila mmoja alikuja na sharti, na bila kushauriana sharti lilikuwa moja: wakili awe mtu asiyependelea. Nilifurahi sana. Sikujua maana yake kwa mafundi.

Wa kwanza alikuwa wakili mzito mwenye ofisi nzuri na zulia. Kola alimtazama kupitia mlango uliokuwa wazi, akarudi kwenye ngazi. Alisema ametambua kwa mshono wa suruali kwamba mjomba amemwongezea huyo bwana kiuno mara tatu kwa siri, na mtu anayejua siri ya kiuno chako huwezi kumwamulia vibaya. Nikaona hoja ina uzito. Wa pili alikuwa wakili mwanamke, hodari, ambaye mahakimu wenyewe hukaa wima akiingia. Mjomba akakataa hata kupanda ghorofa. Joho la huyo mama, alisema, shingo yake imeshonwa na Kola, na kila asubuhi akilivaa atamkumbuka. Wa tatu alikuwa na suti ya mjomba na shati la Kola, na nikadhani hapo mizani imekaa sawa. Wakaanza kubishana ni kipi kinaonekana zaidi, koti au shati, wakabishana mbele yake, na yeye akafunga koti vifungo ili wasiendelee, jambo lililohesabiwa kuwa ameegemea upande wa mjomba.

Kwa siku tisa nilitembea mji huu nikitazama nguo za mawakili. Sijawahi kujua jinsi watu wawili wanavyoweza kuushika mji. Hakuna shingo wala paja la kisheria ambalo halikupita mikononi mwao. Nilianza kukata tamaa, kisha kukasirika, kisha nikasema kwa sauti barabarani kwamba taifa haliwezi kujengwa na watu wanaochagua waamuzi kwa mshono. Mwanamke mmoja aliyekuwa akipita alinipisha.

Siku ya kumi nikaona kibao kidogo juu ya duka la rangi, ghorofa ya tatu: Wakili, Usuluhishi wa Migogoro Nje ya Mahakama. Mwenyewe alikuwa amehamia mjini miezi minane tu iliyopita. Alikuwa mwembamba, mpole, na koti lake, Mungu anisamehe, lilimkaa kama limetundikwa kwenye kiti. Mabega yalianguka pembeni, mikono ilimfunika vidole hata akitaka kuandika huanza kwa kuitafuta kalamu kwa ndani. Nilimuuliza amenunua wapi. Akasema dukani, kwenye foleni, likiwa tayari. Nilimshika mkono kwa furaha mpaka akarudi nyuma hatua moja.

Nikawaambia nimempata mtu ambaye hajawahi kupimwa na yeyote kati yao. Kola alitaka wakili huyo aape. Akaapa kwa simu.

Tulikaa Jumatatu saa nne. Ofisi ilikuwa na meza moja, viti vinne vya plastiki vya rangi nne, kabati la mafaili lenye birika juu yake, na dirisha lililotazama paa la bati. Mjomba akakaa mwisho huu, Kola mwisho ule, mimi katikati na daftari. Hawakuwa wamesemezana kwa wiki tano. Wakili akasoma makubaliano polepole: kwamba wote wamekuja kwa hiari, kwamba ada watagawana, kwamba uamuzi wake utakuwa wa mwisho. Alisoma vizuri, kwa ufasaha. Hakuna aliyemsikiliza.

Walikuwa wanalitazama koti.

Kila wakili alipoinua karatasi, mkono wa koti ulishuka, na mjomba alijikunyata kana kwamba amekanyagwa. Kola alikuwa ameikodolea macho kola ya koti, ambayo ilisimama mbali na shingo kiasi cha kupitisha mkono mzima. Nikaona wakitazamana. Ilikuwa mara ya kwanza tangu ugomvi. Hayakuwa macho ya upendo, yalikuwa macho ya watu wawili walioona ajali.

Wakili akauliza kama kuna swali kabla hawajatia saini.

"Bega kumi na saba na nusu," mjomba alisema, chini kwa chini, kama mtu anayeota. "Mkono ishirini na nne. Kifua thelathini na sita, kimeingia ndani kidogo. Kimyakimya cha Ghorofani."

Na Kola, ambaye karatasi ya makubaliano ilikuwa mbele yake tayari kwa saini, akaandika. Sidhani kama alijua. Mkono ulikwenda wenyewe, ndoano, nukta, kijimkia, pembeni mwa karatasi ya kisheria, mpaka mwisho, kisha akapiga mstari chini kama anavyopiga siku zote mteja anapokwisha.

Nilihisi siku zangu kumi zikitoka dirishani na kubingirika kwenye bati. Wakili pekee mjini asiyekuwa na upande alikuwa amepimwa.

Wakili aliichukua karatasi, akaigeuza huku na huku. Akauliza ni nini. Nikamweleza. Akafikiri, akavuta mkono wa koti juu ili apate vidole.

"Mmenipima wote wawili kwa pamoja," alisema. "Basi kama nimependelea, nimependelea kotekote. Tieni saini hapo chini."

Wakatia saini. Nadhani walikuwa na aibu.

Kisha akaomba daftari. Alilifungua katikati, akamsogezea mjomba, akamwomba asome ukurasa mmoja tu, kwa kuwa anadai ni mali yake. Mjomba akavaa miwani. Akalitazama kwa karibu, akalitazama kwa mbali, akaligeuza. Nikajua kabla hajasema. Kwa miaka ishirini na miwili hakuwahi kulisoma, maana akitaka kitu alimuuliza Kola.

"Hapa wamepita kuku," alisema hatimaye.

Wakili akalihamishia upande wa pili. Kola akasoma bila kusita, kwa ile sauti yake ya chini: kifua arobaini na mbili, kiuno arobaini na sita, mguu wa kulia umezidi robo, Gunia Limefunguka.

"Ni nani huyo?" wakili akauliza.

Kola akafikiri. Akafungua ukurasa mwingine, akasoma jina lingine moyoni, akafungua mwingine.

"Sijui," alisema. "Mimi nilikuwa naangalia ukuta."

Mjomba alicheka peke yake, kicheko cha puani. Alimjua Gunia Limefunguka kama anavyojua mlango wa nyumba yake, lakini hakuweza kumtaja pale, kwa heshima ya taaluma, kwa kuwa ndiye yule wakili wa kwanza mwenye zulia.

Hapo mimi nilikuwa nimeandaa hotuba kuhusu mali ya pamoja na jasho la wafanyakazi. Ilikuwa kurasa sita. Wakili alinitazama nikizinyoosha, akaniomba nichemshe maji ya chai. Niliyachemsha, kwa hiyo yaliyofuata niliyasikia nikiwa nimewapa mgongo, na nadhani ndiyo maana yalisemwa.

Wakili alimuuliza Kola kwa nini anahama. Kola alianza na habari za jengo jipya, kituo cha mabasi, wateja wapitao njia. Wakili akasema ameyaelewa hayo, akauliza tena swali lilelile. Birika lilianza kunguruma.

"Macho yangu yamechoka, Inchi," Kola alisema, na hakuwa akisema na wakili. "Tundu la sindano silioni tena. Mwaka mzima natunga uzi kwa kupapasa. Kule kuna mwanga."

"Ungesema."

"Ungenipima."

Mjomba aliyekwisha kuona mabega ya mji mzima alikuwa amekaa mita mbili kutoka kwa mtu anayepapasa uzi, mwaka mzima, na hakuona. Nilipogeuka na vikombe alikuwa amevua miwani, anaifuta kwa ncha ya tepu yake ya kupimia, ambayo haifuti kitu.

Uamuzi ulitolewa siku ileile. Nimeuhifadhi, umeandikwa kwa lugha nyepesi ambayo ningependa mahakimu wote waione. Unasema kwamba daftari likigawanywa, kila mmoja atabaki na nusu ya mteja, na nusu ya mteja haivai nguo. Kwa hiyo Kola atasoma alama, Inchi atasema ni nani, na mimi nitaandika kwa herufi ambazo mtu yeyote anazisoma, katika madaftari mawili mapya. Kazi hiyo itafanywa asubuhi katika chumba cha zamani. Ikiisha, kila mmoja atachukua lake, na mgogoro utakuwa umekwisha.

Nilipiga hesabu. Watu hamsini kwa siku, siku ishirini na mbili. Nilimwambia kila niliyekutana naye kwamba mgogoro ambao mahakamani ungechukua miaka sita sisi tutaumaliza ndani ya mwezi mmoja.

Siku ya kwanza tuliandika watu thelathini na mmoja. Siku ya pili kumi na wanane, kwa sababu ya ubishi kuhusu Mama Hana Haraka, kama ni yule wa sokoni au dada yake. Siku ya tatu, saba. Kola alihamia kwenye vioo vyake, na mchana hushona huko, karibu na dirisha, na kola zake zimekuwa ngumu kuliko zamani. Lakini saa mbili asubuhi yuko mlangoni kwa mjomba, anasema amekuja kutekeleza uamuzi.

Mwezi ukaisha, ukaja wa pili. Kitu kilinisumbua. Tulikuwa tunaandika kila siku, polepole lakini tunaandika, na bado kurasa zilizobaki hazikupungua inavyostahili. Asubuhi moja nilifungua daftari la zamani kwa nyuma. Penseli ilikuwa mbichi. Ukurasa baada ya ukurasa, watu wapya.

Nikakaa nikaangalia. Mteja akaingia na kitambaa chake. Mjomba akainuka katikati ya sentensi, akamwongoza nyuma ya pazia, akaanza kutaja. Na Kola akageukia ukutani, mkono ukavuta daftari la zamani, ndoano, nukta, kijimkia. Mteja alipotoka, wote wawili walirudi kwenye viti vyao na kuniuliza tumefikia wapi.

Niliwasomea uamuzi, kifungu kwa kifungu. Nikawaeleza kwamba wateja wapya waandikwe moja kwa moja kwenye madaftari mapya, vinginevyo tutanakili mpaka tufe. Walikubaliana nami kabisa. Mjomba alisema ndiyo maana ya kusomesha watoto. Kesho yake waliandika watu wanne kwenye la zamani.

Nikaenda kwa wakili. Alikuwa amevaa koti lilelile, lakini mabega yalikuwa yamekaa, mikono imeishia kwenye kifundo, na kola imeishika shingo yake barabara, kiasi kwamba aligeuka mwili mzima kunisalimu. Nilimwambia uamuzi wake una kasoro, hauna tarehe ya mwisho.

"Nimeiona," alisema, akaniuliza kama kuna kingine.

Nilirudi nimekasirika. Mimi nataka mambo yaishe, ndiyo haki ninayoielewa, mambo kufika mwisho mbele ya macho ya watu. Wiki iliyopita nilifanya hesabu upya na kuwasomea kwa sauti: tumenakili watu mia tatu na tisa, na katika muda huohuo wao wameongeza mia moja na arobaini. Mjomba alisema mji unakua. Kola, akiwa ameelekea ukutani kwa kuwa nyuma ya pazia kulikuwa na mtu, alisema kwamba tatizo ni mwandiko wangu, una haraka mno, na kwamba angependa kesho turudi kwa mtu wa kumi na tatu, ambaye anahisi sikumwandika vizuri.